Ujiji au Tabora: mji upi wa kale unafaa zaidi kutembelewa kwa miguu?

Msafiri wa Reli ya Kati
Ndugu wanajukwaa, natarajia kusafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, nami nina siku moja ya ziada ambayo ama nitaitumia Tabora njiani, ama nitaiongeza Ujiji mwisho wa safari. Miji yote miwili ilikuwa kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoishia Bagamoyo, na yote iliwakutanisha Waarabu, Waswahili wa pwani na watu wa bara. Ninachotaka ni kutembea kwa miguu, si kupanda na kushuka gari. Mnanishauri nini?

Mkazi wa Gongoni
Karibu Tabora, ndugu yangu, ila nikueleze mapema kwamba mambo yetu yametawanyika. Mjini utaiona stesheni, ambako reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1912, na boma lao, ambalo utalitazama kwa nje tu. Mji huu ulitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Tembe la Kwihara, nyumba ya kale walikokaa wapelelezi wa Kizungu Livingstone na Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872, liko nje ya mji, na kwa jua la Unyamwezi utahitaji bodaboda.

Mjukuu wa Mmanyema
Kwa sharti lako la miguu, Ujiji haina mpinzani. Ukishuka kwenye daladala inayotoka Kigoma mjini, kila kitu kiko ndani ya mwendo mfupi: mitaa ya nyumba za chini zenye baraza, misikiti, kumbukumbu ya Livingstone, kisha ufukwe wa Ziwa Tanganyika ambako mafundi bado wanaunda maboti ya mbao. Watu wengi huishia kwenye kumbukumbu, ambako Stanley anasemekana kumkuta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871, na miembe iliyopo leo inaelezwa kuwa ni vizalia vya ule wa awali. Utashangaa kuona ziwa liko mbali na hapo. Zamani maji yalikuwa juu zaidi, yakashuka sana baada ya kupata njia ya kutoka kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1870.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, mitaa ina uzito kuliko mnara. Wazee wetu wengi walivuka ziwa kutoka Manyema, huko Kongo, wengine wakiwa watumwa, wengine wapagazi, wengine wafanyabiashara; hapa wakachanganyika na Waha, Waarabu na watu wa pwani, wakaoana, wakawa Waswahili wa Ujiji wenye tarika yao ya Kisufi ya Kadiria na Kiswahili chao. Hayo huyasomi kwenye kibao chochote. Utayasikia barazani, ukisalimia vizuri na kukaa.

Mwalimu Mstaafu
Nakubaliana na mjukuu wangu kuhusu miguu, lakini Kwihara isipuuzwe kwa sababu ya bodaboda. Mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone, walipokuwa wakiubeba mwili wa Livingstone kuelekea pwani, walikutana huko Unyanyembe, yaani eneo hilo la Tabora na Kwihara, na Cameron, Mwingereza aliyewashauri wauzike mwili huo hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Tembe la sasa limejengwa upya, ni kweli, lakini tukio hilo linawahusu Waafrika wenyewe kuliko salamu za Wazungu wawili pale Ujiji. Tena Tabora ndiko chama cha TANU kilikofanya mkutano wa Uamuzi wa Busara mwaka 1958, kilipokubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu.

Msafiri wa Reli ya Kati
Shikamoo, Mwalimu. Hoja yako ni nzito, lakini nitachagua Ujiji. Kwihara itasubiri siku nitakayokwenda Mwanza, kwani lazima nipite Tabora. Je, nianzie wapi nikifika?

Mjukuu wa Mmanyema
Anzia mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, asubuhi, wavuvi wa dagaa wanaporudi na karabai zao, maana baadaye shughuli hupungua. Kisha panda taratibu hadi kwenye kumbukumbu, na mitaa uiache kwa alasiri, baada ya sala, wazee wanapotoka kukaa barazani. Picha za watu na nyumba zao omba ruhusa kwanza. Ukibaki na muda, rudi Kigoma uione stesheni ya Wajerumani. Reli ilifika huko mwaka 1914.