Redio ya glaida inazima nikibonyeza kuongea, voltimita inasoma 13.1

Mwewe256: Jamani, naombeni ushauri wa haraka. Kwenye glaida yangu (ndege inayoelea hewani bila nguvu ya injini) nina redio, transponda (inayoitambulisha ndege kwa rada), variomita (kipima kasi ya kupanda na kushuka) na skrini ya ramani, vyote kwenye betri moja ya volti 12, ampea-saa 10. Baada ya saa moja na nusu hewani nikibonyeza kuongea, giza. Sekunde moja kabla, voltimita ilikuwa 13.1. Jumamosi naruka karibu na anga ya Entebbe. Nibadilishe redio?

NyayaSafi: Redio iache, angalia waya. Ikipokea inakula kama ampea 0.2, ikirusha sauti inafika 2. Waya wa milimita mraba 0.5, mita tatu kwenda na tatu kurudi, unapoteza volti 0.4 hapo. Weka wa 1.5, upotevu unabaki 0.14.

KasukuJinja: Bandika paneli ya sola ya wati 20. Jua la ikweta hatulipii!

FundiUmeme: Paneli haitibu kitu kinachozima ghafla. Ssebo, inazima redio peke yake au vyote? Na betri ni ya aina gani? Ya risasi, kama ya gari, haisomi 13.1 baada ya saa moja na nusu ya kazi.

Mwewe256: Vyote. Ni lithiamu fosfati.

FundiUmeme: Ya kiwandani?

Mwewe256: Seli nne za boda ya umeme, fundi mmoja Katwe alizifunga. Lakini ni nyepesi kuliko ile ya risasi, na chaji inajaa vizuri. Ya pili nimeshailipia nusu.

FundiUmeme: Basi waya si mshukiwa wa kwanza. Waya mwembamba wa redio ungezima redio tu. Hapa saketi ya ulinzi ndani ya betri inakata. Seli moja imechoka. Ukirusha inaporomoka hadi karibu volti 2.5, saketi inafunga mlango kwa wote. Voltimita haikuonyi kwa sababu volti za lithiamu fosfati hukaa palepale, 13.2 hadi 13.0, karibu safari nzima, kisha huanguka kwa mkupuo. Unachohitaji ni kihesabu ampea-saa chenye shanti (kipande cha upinzani mdogo cha kupimia mkondo) kwenye waya wa hasi. Hasi zote zipite upande wa pili wa shanti. Kifaa kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri hakihesabiwi.

Kwa leo: ijaze, uifunge balbu ya breki ya wati 21. Hiyo ni kama ampea 1.7, betri nzima ya 10 inapaswa kukaribia saa sita. Pima kila seli kila nusu saa.

MwalimuAnga: Redio ikifa unaweka 7600 kwenye transponda, namba ya kuwaambia waongozaji kuwa huna redio. Wewe transponda nayo imekufa. Karibu na njia za ndege za Entebbe hilo halivumiliki. Tena usiweke betri ya aina nyingine kwenye ndege iliyosajiliwa bila mhandisi mwenye leseni kukagua na kusaini.

Shakashaka: Mimi naona hadithi imetungwa. Glaida Uganda? Uwanja wa ndege wa Kajjansi naona Cessna tu, ndege ndogo za injini. Nani anaivuta juu?

Mwewe256: Ina injini ndogo. Nikishapanda naizima. Sina sababu ya kutunga.

Shakashaka: Yenye injini mara nyingi ina alteneta. Hiyo nayo ulikuwa unaificha?

Mwewe256: Sikuficha. Betri ya kuwashia ni ya risasi, iko mbali. Niliziunga kwa swichi ili na hii ichajiwe.

FundiUmeme: Shakashaka, umeuliza la maana. Mwewe, swichi hiyo iondoe kabla ya kitu kingine. Lithiamu na risasi hazikai sambamba. Na swichi ikiwa upande wa alteneta, saketi ikakata katikati ya chaji, volti zinaweza kuruka na kuunguza redio. Chaji hii ukiwa ardhini, kwa chaja ya lithiamu ya 14.4, ya risasi yenye mapigo ya kusafisha bamba usiiguse. Fyuzi ni ngapi?

Mwewe256: Ipo moja, kwenye paneli.

FundiUmeme: Waya wote kutoka betri hadi paneli hauna kinga. Weka ya ampea 5, kiasi cha sentimita kumi kutoka chanya.

Mwewe256: Nimefanya jaribio la balbu. Imekata baada ya saa mbili na dakika kumi. Seli ya tatu 2.5, nyingine 3.2. Nikibadilisha hiyo moja tu je?

FundiUmeme: Hapana. Seli mpya kati ya tatu kuukuu haitalingana nazo, utarudi hapahapa. Nunua ya kiwandani na mhandisi aione. Kama haijafika Jumamosi, rudisha ile ya risasi ikiwa bado inapita jaribio la balbu.

Mwewe256: Na ile nusu niliyolipa?

MwalimuAnga: Mwambie fundi asifunge ya pili. Jumamosi usiruke mpaka saini ipatikane.