Baiskeli ya kufunga injini: kisheria niishie cc ngapi?

Mkazi wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa wanaoijua sheria na wanaoujua ufundi, maana jambo lenyewe limeshika pande zote mbili. Ninaishi Mikindani na ninafanya kazi Mtwara mjini, umbali wa kilomita kama kumi kwa lami, na mara moja moja ninakwenda kwenye mikorosho upande wa Nanguruwe. Ninayo baiskeli ya Phoenix ya magurudumu ya inchi 28, ile yenye breki za vyuma, nayo ni nzima kabisa. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam ameona Kariakoo seti za injini za kufunga kwenye baiskeli, na muuzaji anazo za aina tatu: ya cc 50 na ya cc 80, zote za kuchanganya petroli na oili, pamoja na ya cc 49 ambayo oili yake inakaa peke yake na bei yake iko juu zaidi.

Muuzaji anadai zote ni halali barabarani, kwa kuwa boksi limeandikwa hivyo. Ningependa kujua, kwa sheria ya Tanzania, mwisho ni ukubwa gani. Na pia kama hiyo ya cc 50 itaweza kukipanda kilima cha kutokea Mikindani nikiwa na mzigo nyuma, maana mimi mwenyewe nina kilo zinazokaribia 85. Leseni yangu ni ya daraja D, na nisingependa kusimamishwa na trafiki nikaanza kujieleza kwa maneno matupu.

Mwalimu wa Udereva, Masasi

Ndugu mleta mada, anza kwa kuachana na maandishi ya boksi. Seti hizo hutengenezwa China na nyingi huandikwa kwa kumlenga mnunuzi wa Marekani, ambako kila jimbo lina kanuni yake. Florida, kwa mfano, inataka injini isizidi cc 50, nguvu isizidi farasi 2 na mwendo usipite maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48. California haitazami cc, bali inataka nguvu iwe chini ya farasi 4 na mwendo usipite maili hizo hizo. Umoja wa Ulaya nao una ngazi zake, ambapo kipikipiki cha cc 50 kinaishia kilomita 45 kwa saa. Kwa hiyo neno "halali" linaweza kuwa kweli tupu huko linakotoka na bado lisikusaidie chochote ukisimamishwa Magomeni au Chikongola hapo Mtwara mjini.

Kwetu namba ya kushika ni 50. Katika madaraja ya leseni zetu, A3 ni ya vipikipiki ambavyo injini yake haizidi cc 50, A1 ni ya pikipiki zilizo chini ya cc 125, na A ni ya zile zinazozidi hapo. Mpaka huo wa 50 unatumika mahali pengi duniani. Hata Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaitambua baiskeli kuwa ni chombo kinachokwenda kwa nguvu za misuli ya waliokipanda tu, na unakitenga katika kundi lake chombo chenye injini isiyozidi cc 50.

Ninalisisitiza hilo kwa sababu wengi wanaouliza ukubwa unaoruhusiwa huwa wanatafuta kwa siri injini ndogo kiasi kwamba baiskeli itaendelea kuhesabiwa kuwa baiskeli, na injini ya petroli ya namna hiyo haipo. Ukifunga hata ya cc 35 umekwisha kutengeneza chombo cha moto, na chombo cha moto kinadaiwa usajili na namba, bima ya mtu wa tatu, leseni ya daraja lake na kofia ngumu kichwani. Cc zinachobadilisha ni daraja la leseni. Daraja D ulilonalo ni la magari madogo yasiyo ya biashara, na halikuruhusu kupanda chombo cha A3 wala cha A1. Itakubidi uongezewe daraja.

Kwenye usajili ndiko kwenye mtihani. Pikipiki ya dukani huja na nyaraka za forodha, namba ya injini na namba ya fremu, vyote vikisemana; injini iliyofungwa uani kwenye baiskeli ya zamani haina mpangilio huo. Mwambie mpwa wako apige picha risiti, nyaraka za uingizaji na namba iliyogongwa kwenye injini, kisha uende nazo ofisi ya TRA Mtwara kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Fundi wa Mitwero, Lindi

Mwalimu amelimaliza la sheria, nami niligeukie la hiyo "cc 80", ambayo kwa kweli si 80. Injini zinazouzwa kwa jina hilo kwa kawaida zina silinda yenye kipenyo cha milimita 47 na pistoni yake inatembea milimita 38. Chukua nusu ya kipenyo mara yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa mwendo wa pistoni na ugawanye kwa 1,000, utapata cc 66. Ile inayoitwa 50 ina kipenyo cha milimita 40 na mwendo ule ule wa 38, na hesabu yake inaishia chini kidogo ya 48. Kwa nje mbili hizi zinafanana kama pacha, na maboksi hubadilishana dukani ama kwa bahati mbaya ama kwa makusudi. Kichwa cha silinda kinashikwa na nati nne tu. Kifunguliwe pale pale dukani, kipenyo kipimwe kwa kalipa (kile kipimo cha milimita cha mafundi), na muuzaji anayekataa kupimiwa aachiwe mali yake.

Kuhusu kilima, watu hukimbilia injini kubwa wakati dawa iko kwenye sproketi ya nyuma, yaani lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo. Seti hizi kwa kawaida huja na sproketi ya meno 44, mbele meno 10, na ndani ya injini mzunguko unapunguzwa mara 4.1. Kwa gurudumu lako la inchi 28, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, utakuwa kwenye kilomita 37 kwa saa hivi. Ukiweka sproketi ya meno 50, mwendo kwa mzunguko huo huo unashuka hadi kama 33, lakini nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 13. Hizo kilomita nne unazopoteza hutazililia, kwa sababu breki za vyuma za Phoenix hazikutengenezwa kwa ajili ya kusimamisha mtu wa kilo 85, injini na kiroba cha korosho, sembuse rimu zikiwa zimelowa. Mimi simfungii mtu injini kabla hajaniletea breki ya mbele ya maana.

Jambo lingine ambalo muuzaji hatalisema. Sproketi hiyo inashikizwa kwenye spoki kwa mipira miwili na boliti tisa, na boliti tisa zimepangwa kwa gurudumu la spoki 36, kwa sababu kila boliti inapita penye spoki nne. Baiskeli nyingi za inchi 28 zina spoki 40 nyuma. Hesabu zako leo. Ukikuta 40, boliti hazitakaa sawa, sproketi itayumba, mnyororo utaruka, na spoki zitaanza kukatika moja baada ya nyingine. Hapo ama utafute habu (kitovu cha gurudumu) na rimu za spoki 36 ama uchongeshe kishikio kinachobana habu yenyewe.

Kati ya zile mbili zilizo chini ya 50, mimi ningechukua ile yenye oili yake peke yake. Haina moshi mwingi, haina kelele ya msumeno, na haikulazimishi kuchanganya mafuta kila unapojaza. Kasoro yake ni kwamba tumbo lake ni pana, hivyo utahitaji mikono ya pedali iliyopinda nje zaidi, vinginevyo miguu itagonga injini. Ukichagua ya kuchanganya, fuata maelekezo ya kwenye boksi, ambayo mara nyingi ni sehemu 16 za petroli kwa 1 ya oili injini ikiwa mpya, na baadaye 20 kwa 1. Usinunue petroli iliyokwisha kuchanganywa ya wavuvi pale ufukweni Mikindani, kwani mashine nyingi za boti hutumia oili kidogo kuliko hiyo, na pistoni yako itakwama kabla hujajua kosa liko wapi.

Mwananewala

Kwa gharama ya seti, breki, gurudumu jipya na usajili wenye mashaka, mimi ningetafuta pikipiki ya cc 100 iliyotumika yenye kadi safi, nikakata leseni ya A1 na nikalala usingizi. Huku juu Makonde sijaona baiskeli ya injini iliyodumu.

Mkazi wa Mikindani

Nawashukuru sana, hasa kwa la spoki, maana nimezihesabu na kweli ni 40. Ndugu Mwananewala, hoja yako ina uzito, ila baiskeli hii niliachiwa na marehemu baba na ningependa iendelee kutembea. Mwalimu, nikiiacha na pedali zake na kuwasha injini kilimani tu, je, hilo halibadilishi hesabu? Na je, yule atakayechukua ya cc 66 atakuwa amevunja sheria?

Mwalimu wa Udereva, Masasi

Pedali hazibadilishi kitu. Chombo kinahesabiwa kwa kile kilichofungwa na kinachoweza kukiendesha, wala trafiki hana namna ya kujua uliwasha wapi. Pole kwa msiba wa mzee.

Ya cc 66 si haramu kwa ukubwa wake, kwani iko chini ya 125 na inaangukia A1. Hatari ni kuichukua ukiwa na leseni ya A3 huku boksi likisema 50, kwa sababu siku ya ajali, daraja la leseni na bima ndivyo vitakavyotazamwa kwanza, na ukubwa wa silinda utapimwa na watu wasio na haraka. Kwa matumizi uliyoyataja, kaa chini ya 50, omba A3, na usibebe abiria wa kulipa, maana hapo utaingia kwenye leseni za usafirishaji za LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ambazo ni habari nyingine. TRA wakikwambia hawawezi kuisajili baiskeli iliyofungwa injini, ushauri wa Mwananewala ndio utakaobaki, na Phoenix ya mzee utaiendesha kwa miguu.

Fundi wa Mitwero, Lindi

Na TRA wakikubali, agiza sproketi ya meno 50 pamoja na injini kwenye mzigo huo huo wa Dar, kwa sababu huku kwetu hutaipata. Gurudumu la spoki 36 nitakusukia hapa Lindi. Mnyororo uwe unaupaka oili kila wiki, kwani kwa chumvi ya upepo wa Mikindani ukiuacha msimu mmoja wa kusi utakuta umekuwa kutu mtupu.