Antivirasi tatu, majina matatu kwa faili moja. Nifuate ipi?

Mchapaji_Wandegeya: Habari zenu wakuu. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Wandegeya, wateja wengi ni wanafunzi wa Makerere. Juzi nilishusha programu ya bure ya kugeuza PDF kuwa Word. Tangu hapo brauza inafungua ukurasa nisioujua, matangazo yananirukia hata nikiwa napanga tasnifu ya mtu. Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, imeandika PUABundler. Malwarebytes inasema PUP.Optional, eti imekuta vitu 41! Kwenye laptopu ya mdogo wangu, faili lile lile Kaspersky imeliita "not-a-virus". Kama si virusi, mbona nateseka? Leseni mbili siziwezi.

fundi_ntinda: Zote zinasema jambo moja: programu isiyotakikana, kwa kifupi cha Kiingereza PUP au PUA. Haikuvunja mlango, wewe mwenyewe ulibonyeza "kubali" ikaingia na wenzake. Ndiyo maana watengenezaji wa antivirasi wanachagua maneno kwa uangalifu, maana wenye programu hizo huenda mahakamani. Mwaka 2016 kampuni ya Enigma iliishtaki Malwarebytes kwa sababu SpyHunter, programu yao ya usalama, iliwekwa kwenye kundi la PUP, na kesi ikafika hadi mahakama ya rufaa Marekani. Kwa hiyo jina hilo ni maoni ya kampuni, kila mmoja na kipimo chake.

Hiyo 41 isikutishe. Malwarebytes huhesabu kila faili, kila folda na kila ingizo la rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows. Programu yenyewe inaweza kuwa moja tu.

Mama_Kopi: Ssebo, futa. Kwanza iondoe kwenye orodha ya programu, kisha pitisha AdwCleaner, programu ya kusafisha takataka kama hizo, ni ya bure, halafu rudisha brauza kwenye mipangilio ya mwanzo. Kwenye usalama wa Windows kuna swichi ya kuzuia programu zisizotakikana, ipo tangu toleo la Mei 2020. Iwashe. Defender inakutosha, ile Malwarebytes ya bure ibaki ya kukagulia tu.

Mimi ningeogopa zaidi flashi za wanafunzi. Ukiona jina linaanza na Worm au Trojan, hapo usiulize mtu, safisha.

kijana_arua: Mbona asiweke faili kwenye tovuti ya VirusTotal aone antivirasi nyingi zinasemaje kwa mara moja?

fundi_ntinda: Kisakinishi cha ile programu, sawa. Ila tasnifu ya mteja usiipandishe kule, faili zinazopandishwa hufikiwa na watu wengine.

Mchapaji_Wandegeya: Asanteni sana. Nimeifuta, brauza imetulia. Ila nilipokagua upya Defender imetoa nyingine: HackTool:Win32/AutoKMS. Hii nayo nini?

Mama_Kopi: Hahaha! Hiyo ni ya kuwasha Office bila leseni, muulize aliyekuwekea.

Mchapaji_Wandegeya: ...Niliiweka mwenyewe.