Naomba ushauri: baba anataka kuuza kiwanja nikasome uzamili wa maendeleo ya kimataifa Uingereza

BintiKahama

Habari za jioni wanajamvi. Humu ndani nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo nimejikaza kuandika kwa sababu siku zinakwisha na nyumbani hatuelewani.

Nina miaka 29 na mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne. Shahada yangu ya kwanza ni sosholojia, nilihitimu Novemba 2020. Baada ya hapo nikafanya kazi miaka minne kama afisa mradi katika shirika moja huku Kahama, tukihudumia wasichana balehe katika masuala ya VVU. Pesa zilitoka Marekani. Januari 2025 ilipotoka ile amri ya kusitisha misaada, hazikupita wiki nyingi tukaambiwa tufunge ofisi. Mimi ndiye niliyetumwa kuzunguka kata tano kukusanya baiskeli na simu za wahudumu wa kujitolea. Mama mmoja pale Isaka alinikabidhi baiskeli ikiwa imeoshwa, akaniuliza, "Mwanangu, kwani tulikosea wapi?" Nilikosa la kumjibu. Swali lile ninalo mpaka leo, na ndilo linalonisukuma kusoma. Nataka kuelewa maamuzi haya hufanywa na nani na kwa hesabu gani, na kwa nini sisi tunaozijua kaya kwa majina huwa wa mwisho kuambiwa.

Nimepata udahili chuo kimoja cha Uingereza, uzamili wa maendeleo ya kimataifa, mwaka mmoja kuanzia Septemba. Ada ni pauni 24,000, wamenipunguzia 5,000. Malipo ya awali yanatakiwa ndani ya wiki tatu. Baba yuko tayari kuuza kiwanja chake cha mjini. Nikijumlisha na akiba yangu tunafika kama milioni 45. Mjomba anasema kiasi kilichopungua atatuwekea benki kwa siku 28 ili wa viza waone, kisha atazichukua pesa zake, na mimi nikifika nitafanya kazi nimalizie ada. Mama hataki hata kusikia. Mliosoma kozi hii, au mliowahi kuajiri waliosoma, nawaomba mniambie ukweli hata kama unauma.

Ngalawa

Pole dada kwa yaliyowakuta, na hongera kwa udahili. Nilisoma kozi ya aina hiyo hukohuko, ila kwa ufadhili. Nianze na hesabu, maana ndizo zinazowaumiza wengi.

Ada iliyobaki ni pauni 19,000. Pauni moja inazidi shilingi 3,000, kwa hiyo ada peke yake haipungui milioni 57. Milioni 45 zako zimekwisha na bado hujala wala hujalala. Uhamiaji wao wanataka waone pia pesa ya kuishi, zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi kwa miezi tisa kama chuo kiko nje ya London, nazo zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Kuna bima ya afya, pauni 776 kwa mwaka, unailipa unapoomba viza. Kuna viza yenyewe, kuna tiketi.

Mpango wa mjomba uacheni kabisa. Pesa zinazokubalika ni zilizo kwenye akaunti yako au ya wazazi wako. Ya mjomba haihesabiki. Mkizipitisha kwa baba ili zionekane tu kisha zirudi, mnajenga ombi la viza juu ya uongo. Wakibaini udanganyifu unaweza kufungiwa miaka 10. Hapo unakuwa umepoteza kiwanja, na ufadhili wowote wa Uingereza ambao ungeupata baadaye nao umekwenda.

Kuhusu kufanya kazi: mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wengi wanadhani kiangazi kizima ni likizo watafanya kazi kutwa. Kwa uzamili wa mwaka mmoja, miezi ile ya kuandika tasnifu bado inahesabiwa kuwa ni muhula. Kima cha chini kwa saa kinazidi pauni 12 kidogo, fanya mara 20. Hiyo ni kodi ya chumba na chakula. Ada hailipiki hapo, na nimeona watu wakisimamishwa masomo katikati ya mwaka kwa deni.

Halafu kuna jambo hujaligusa. Mtoto unamwacha na nani? Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa darasani hawaruhusiwi kwenda na wategemezi, isipokuwa wachache kama wanaolipiwa na serikali.

BintiKahama

Ngalawa, asante sana kaka. La wategemezi sikulijua kabisa. Nilipanga nitangulie, mwanangu anifuate na dada yangu baada ya miezi mitatu. Nimesoma jibu lako mara mbili, nikampelekea mama simu asome mwenyewe.

MamaTuli

Mwanangu, mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sina shahada ya nje. Nilisoma chuo cha maendeleo ya jamii Tengeru, baadaye nikajiendeleza jioni.

Swali la yule mama wa Isaka limenigusa, ila sidhani kama jibu lake lote liko Uingereza. Unauliza maamuzi hufanywa na nani. Hapo ulipo, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ile ilisimamishwa ili utaratibu upangwe upya, na vikundi vyangu viliniuliza maneno yaleyale uliyoulizwa wewe. Pesa zilikuwa za Watanzania, na bado mtu wa kata alikuwa wa mwisho kujua. Usifikiri ni wazungu peke yao.

Vijana wengi mliokulia kwenye miradi hamjawahi kuhudhuria baraza la madiwani likipitisha bajeti. Nenda ukakae pale siku moja. Nasema hivi kwa kukupenda, maana nimeona wasichana wenye akili kama zako wakirudi na vyeti vizuri kutoka nje, kisha hawajui kusoma kasma, yaani mafungu, za bajeti ya wilaya yao.

Baba yako asiuze kiwanja.

BintiKahama

Shikamoo mama. Nimekuelewa, na ni kweli, baraza sijawahi kuhudhuria. Tulikuwa tunakwenda halmashauri kupeleka taarifa za robo mwaka na kuomba sahihi.

Nyambura_Magharibi

Hamjambo nyote. Nawaandikia kutoka Busia, Kenya. Dadangu, mimi nilianza kama mhojaji, nikitembea nyumba kwa nyumba na tableti mkononi, kwa hivyo hiyo kazi yako naijua miguuni.

Huku kwetu ndiko Michael Kremer alikofanyia utafiti wa dawa za minyoo mashuleni, na mwaka wa 2019 akatuzwa Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Waliozunguka shule na nyumba wakiuliza maswali ni watu kama mimi na wewe. Mimi kilichonitoa kwenye kuuliza maswali nikafika kwenye kuandika ripoti hakikuwa shahada kwanza, ilikuwa kujua kuchambua data. Mtu akikuletea faili la kaya 3,000, je, unaweza kumwambia linasema nini? Kama huwezi, uzamili wa maendeleo hautakusaidia sana, kwa kuwa kozi nyingi za jina hilo ni kusoma nadharia na kuandika insha. Ni nzuri, lakini mwajiri atakuuliza unajua Stata au R, zile programu za kuchambua data.

Banerjee na Duflo wana masomo ya mtandaoni ya MIT, chuo cha Marekani, kuhusu data, uchumi na sera za maendeleo. Kuyafuata ni bure. Ukitaka cheti unalipia mtihani, na malipo yanapangwa kwa kuangalia kipato chako. Hesabu zake si rahisi, nililia mara mbili kwenye somo la takwimu. Lakini nilisoma usiku, mtoto akilala, na sikuuza chochote cha mtu.

Mlimani_Juu

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo. Nakubaliana na wote kwamba kiwanja kisiuzwe, lakini sitaki dada aondoke hapa akiamini kwamba nadharia ni mapambo.

Kabla ya kusoma nilifanya kazi vijijini Kondoa. Tulikuwa tunawakalisha wanakijiji chini wachore ramani ya kijiji kwa vijiti na mawe, wapange nani ana uwezo na nani hana. Nilijua kuifanya, sikujua ilitoka wapi. Nilipofika darasani nikamsoma Robert Chambers, mmoja wa walioieneza mbinu ile, aliyekuwa bwana shauri Kenya enzi za mkoloni, baadaye akawa mwalimu Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, akaja kuwa mkosoaji mkubwa wa wataalamu wanaotembelea vijiji vilivyo karibu na barabara ya lami, wakati wa kiangazi, na kuzungumza na wanaume wenye vyeo. Nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Miaka mitatu nilikuwa nimefanya hivyohivyo, na gari la mradi. Baada ya siku ile nikaacha kuingia kijijini kwa namna ileile. Hicho ndicho dada anachokitafuta, na anastahili kukipata.

Ila kukipata hakulazimishi kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Maendeleo tangu 1973, Nairobi wana ya kwao tangu 1965. Huko Ulaya utafundishwa vijiji vya Ujamaa kama mfano wa sera iliyoshindwa, kwa saa mbili za darasani. Hapa utakaa na watu ambao wazazi wao walihamishwa. Mimi ningependa kila Mtanzania anayesoma fani hii asikie kwanza upande huo.

Kama bado moyo uko nje, tafuta ufadhili kamili, na hapa dada naomba uangalie tarehe zako vizuri. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, kwa kozi za maendeleo unataka uzoefu wa miaka miwili kazini, unao. Lakini pia wanataka shahada ya mwisho kwa kawaida isiwe imezidi miaka sita unapoomba. Umehitimu Novemba 2020. Dirisha la mwaka huu ndilo la mwisho kwako! Kila kozi ina tarehe yake, nyingi kati ya Julai na Oktoba, na zipo zinazofundishwa kwa Kiingereza. Bochum wana uzamili wa usimamizi wa maendeleo wanaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Dortmund wana wa mipango ya mikoa.

Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza nao unataka uzoefu wa miaka miwili, yaani saa 2,800 za kazi. Dirisha hufunguliwa Agosti, unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Jumuiya ya Madola wana ufadhili wao, hadi wa kusoma ukiwa nyumbani kwako. Kwenye insha usiandike kwamba una ndoto ya kusaidia jamii. Andika habari za ile baiskeli iliyooshwa.

Ngalawa

Naongezea kidogo: ufadhili wenyewe unazidi kuwa mgumu. Februari 2025 Uingereza ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Waliopoteza kazi kwenye miradi ni wengi na wote wanaomba sasa hivi. Omba sehemu zaidi ya moja.

BintiKahama

Nimerudi, samahani kwa kukaa kimya siku nne. Jumapili tulikaa kikao, baba, mama, mjomba na mimi. Niliwasomea majibu yenu yote kwa sauti, hata la MamaTuli la baba asiuze kiwanja. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nilitaka tu usikae nyumbani ukiwa na huzuni." Nililia mbele yao wote. Kiwanja hakiuzwi. Chuo nimewaandikia kwamba sitalipa malipo ya awali, nikawaomba waniahirishie mwaka mmoja kama inawezekana.

Somo la kwanza la mtandaoni nimeshajiandikisha, asante Nyambura. Na nimemwomba diwani wetu anijulishe baraza lijalo ni lini.

Sasa nimekwama mahali pamoja. DAAD wanataka barua za mwajiri kuthibitisha uzoefu. Shirika limefungwa, ofisi ni duka la vifaa vya ujenzi sasa. Barua pepe za kazi zilizimwa. Nafanyaje?

MamaTuli

Mkataba wako unao? Michango yako NSSF ilikuwa inapelekwa? Chukua taarifa ya michango, inaonyesha jina la mwajiri na miezi. Kisha mtafute meneja wako wa mwisho mwenyewe kwa simu, popote alipo, akuandikie kwa jina lake na cheo alichokuwa nacho. Fanya sasa, maana watu wanatawanyika. Mganga mkuu wa wilaya naye alikuwa anapokea taarifa zenu. Anaweza kukuandikia kwamba mlifanya kazi naye.

BintiKahama

Mkataba ninao, na hati za mshahara zote nilizitunza. Meneja nimempata jioni hii, yuko Mwanza anafundisha sekondari. Amesema niandike rasimu ya barua nimpelekee Jumatatu asaini, na ameniuliza kama kwenye hiyo DAAD wanapokea watu wa umri wake.