Naomba ushauri: voliyumu ya traki ya MIDI inajirudisha yenyewe

Wakuu habari za jioni, niko Nkuhungu hapa Dodoma, narekodi kwaya yetu kwa laptopu na kinanda nimekichomeka kwa USB. Shida ni traki ya piano ya MIDI (yaani ile inayohifadhi noti na amri za kinanda, si sauti yenyewe), nikishusha voliyumu mpaka 70 halafu nikabonyeza plei, feda (kitelezi cha voliyumu) inaruka yenyewe inarudi 100, yaani naiona kwa macho inapanda pale pale mwanzo wa wimbo, piano inawafunika kina mama wa alto na wameimba vizuri mno, roho inaniuma kweli.

Nimeshajaribu kupunguza velositi (nguvu ya kubonyeza) za noti zote, piano ikapoa ikawa kama inapigwa chumba cha pili, nikarudisha. Jana nimefungua orodha ya matukio nikakuta CC7 (amri ya MIDI ya voliyumu) yenye 100 mwanzoni kabisa na nyingine nne katikati, nahisi kinanda ndicho kilizituma wakati narekodi.

Sasa nikifuta hizo CC7 peke yake, CC64 za pedali zitabaki salama? Na je, ni bora voliyumu niishushie kwenye chaneli ya sauti ya piano yenyewe nikaiacha ya MIDI? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, kwaya wanaisubiri Jumapili.