Induksheni: mbona tunakubali kwanza lile tunalotakiwa kuthibitisha?

Kijana_Kisauni: Salaam aleikum wana jukwaa. Niko mwaka wa kwanza chuoni hapa Mombasa. Mifuatano na mifululizo naimudu, induksheni, ile njia ya kuthibitisha kauli kwa kila n kwa kupanda hatua moja moja, ndiyo inanitoa jasho. Swali: thibitisha kuwa 9^n − 1 hugawanyika kwa 8 bila baki, n kuanzia 1. Mhadhiri akasema "tuchukulie ni kweli kwa n = k", mistari miwili, kamaliza. Sasa tukishachukulia ni kweli, tumethibitisha nini? Mtihani u karibu, nisaidieni.

BintiLikoni: Wewe andika n = 1, kisha k, kisha k + 1, alama utapewa. Falsafa baada ya mtihani 😂

Maalim_Mstaafu: Binti, usimpoteze mwenzio. Mwanangu, hukuchukulia kwamba ni kweli kwa kila n. Umeshika namba moja, k, ukauliza: ikikubali hapa, je, inayofuata inalazimika kukubali? Hiyo "ikikubali" ndiyo unayothibitisha:

9^(k+1) − 1 = 9(9^k − 1) + 8

Mabano yanagawanyika kwa 8 kwa dhana yetu, na 8 ya mwisho haihitaji wakili.

Na n = 1 usiidharau. Jaribu 9^n + 3. Hatua inapita vizuri: 9^(k+1) + 3 = 9(9^k + 3) − 24. Lakini n = 1 inatoa 12, n = 2 inatoa 84, na hakuna hata moja itakayokubali milele. Ni kama habari Mji wa Kale: kila anayesikia atamwambia jirani, ila asipokuwepo wa kwanza, mtaa mzima unalala bila kujua.

Pwani_Namba: Wala usiridhike na kujaribu namba nyingi. n² + n + 41 ya mwanahisabati Euler hutoa namba tasa kwa n kuanzia 0 hadi 39. Weka 40: 1681, yaani 41 × 41.

Kijana_Kisauni: Ahsante maalim! Basi 1 + 3 + … + (2n − 1) = n²: n = 1 ni 1. Ikiwa jumla hadi k ni k², naongeza 2k + 1, napata k² + 2k + 1 = (k + 1)². Sawa?

Maalim_Mstaafu: Sawasawa. Ila pale unapoweka k², andika kandoni "kwa dhana". Msahihishaji huutafuta mstari huo.