Wakili aliyetuandikia mkataba wa kiwanja sasa anamtetea muuzaji. Inaruhusiwa?

MchumaNazi (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Nilinunua kiwanja Kibaha kwa milioni 18. Muuzaji ndiye aliyenipeleka kwa wakili, mimi sikuwa na wangu. Akatuandikia mkataba, tukasaini mbele yake, kila mmoja akamlipa nusu. Risiti yangu ninayo. Nikatoa 13, tano tukakubaliana nitamalizia uhamisho wa umiliki ukikamilika. Palepale ofisini nilimweleza wakili kwamba hizo tano nategemea mkopo wa saccos.

Uhamisho haujafanyika mpaka leo. Juzi napokea wito wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: muuzaji anataka mkataba uvunjwe, eti mimi ndiye nimeshindwa kulipa. Kugeuza karatasi, mhuri ni wa wakili yuleyule! Na habari za saccos zimo kwenye madai. Naombeni muongozo, matusi wekeni pembeni.

Sangara Mkavu
Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji, mkuu. Ulidhani ile nusu uliyotoa ni ya soda?

Karani Mstaafu
Sangara, usimkatishe tamaa mwenzio. Alisikiliza maelekezo yake, akamwandikia mkataba, akapokea hela yake: huyo ni mteja. Kuwaandikia watu wawili mkataba kwa ridhaa yao si kosa. Wakishagombana ndipo anapotakiwa kujitoa kwa wote wawili, maana siri za mmoja hawezi kuzifuta kichwani, na saccos ndiyo hiyo imeshatokea. Kanuni za maadili ya mawakili za 2018 (Tangazo la Serikali Na. 118) zinahusu hili.

Halafu yeye ndiye aliyeshuhudia saini. Mkibishania sharti la uhamisho, shahidi wa kwanza kuitwa ni nani? Hawezi kutoa ushahidi asubuhi, mchana akahoji mashahidi.

Dada wa Mizani
Weka pingamizi la awali siku ya kwanza, atatoka mbio.

Karani Mstaafu
Dada, hapo utamwangusha. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969, pingamizi la awali ni la hoja ya sheria tupu. Huyu anatakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa mteja, kwa hiyo apeleke maombi yenye kiapo, aambatanishe mkataba na risiti. Na iwe mapema. Ukingoja mashahidi waanze kusikilizwa utaonekana unachelewesha shauri tu.

Kagua pia viapo vya upande wao. Sheria ya makamishna wa viapo inamkataza wakili kuapisha kwenye shauri ambalo yeye mwenyewe anamwakilisha mmoja wa wahusika. Wengi wanajisahau hapo.

Mtu wa Kilifi
Huku Kenya tunayo kesi ya King Woolen Mills, Mahakama ya Rufani, mwanzoni mwa miaka ya 90. Mawakili walioandaa hati za dhamana kwa mkopeshaji na mkopaji walizuiwa kumwakilisha mkopeshaji mgogoro ulipozuka. Haiwafungi nyinyi, lakini wakili wako mpya anaweza kuitumia kushawishi.

MchumaNazi
Shukrani sana. Na nikimpeleka Kamati ya Mawakili?

Karani Mstaafu
Mpeleke, wanaweza kumwadhibu hadi kumfuta kwenye orodha. Ila Kamati haikupi kiwanja, kiwanja kinapiganiwa Barazani. Jibu madai kwanza, ndani ya siku zilizoandikwa kwenye wito. Kuna watu wanakimbizana na wakili, huku upande wa pili unasikilizwa peke yake.

Sangara Mkavu
Mleta uzi, utani pembeni: zile tano unazo?

MchumaNazi
Ninazo, mkopo ulishatoka. Ziko benki.

Karani Mstaafu
Ungeanza na hilo! Andika kwenye majibu kwamba uko tayari kulipa siku uhamisho ukikamilika, ambatanisha na taarifa ya benki. Wakili akitolewa, muuzaji atatafuta mwingine. Hiyo taarifa ya benki ndiyo itakayomnyima usingizi.